Jozi Moja ya Raba, Watoto Wawili

Wasomaji wa ukurasa huu hutuuliza mara kwa mara ni filamu ipi inayoweza kutazamwa sebuleni baba na mama wakiwapo, watoto wamejilaza mkekani na bibi yupo kitini pake, bila mtu kulazimika kuinuka ghafla kuitafuta rimoti. Swali hilo ni la haki. Jibu letu kwa miaka mingi limekuwa moja, na kila tunapolitoa huulizwa swali la pili: kwa nini hiyo? Leo tumeona tulijibu swali hilo la pili kwa kituo, kwa sababu jibu lake si lile ambalo wengi hulitarajia.

Filamu yenyewe ni ya Iran. Jina lake kwa Kiajemi ni Bacheha-ye Aseman, yaani Watoto wa Mbinguni, na sehemu kubwa ya dunia huijua kwa jina la Kiingereza, Children of Heaven. Iliandikwa na kuongozwa na Majid Majidi, ikatoka mwaka 1997. Haifiki hata saa moja na nusu. Hakuna ndani yake bunduki, wala mahaba, wala gari linalolipuka. Kuna jozi moja ya raba zilizochakaa, na watoto wawili wanaozivaa kwa zamu.

Hadithi yake inaweza kusimuliwa kwa pumzi moja. Ali, mvulana wa miaka tisa kutoka familia maskini ya Tehran, amekwenda kwa fundi kuchukua viatu vya dada yake mdogo, Zahra, vilivyokuwa vinashonwa. Njiani anapita kununua mkate, kisha viazi mbatata dukani ambako nyumbani kwao tayari kuna deni. Anaupachika mfuko wa viatu kati ya makasha ya mboga ili achague viazi. Mzee mmoja asiyeona, anayepita na mkokoteni akikusanya takataka, anauchukua mfuko ule pamoja na uchafu mwingine. Ali anageuka, mfuko haupo. Nyumbani mwenye nyumba anadai kodi yake, mama ni mgonjwa wa mgongo, na kuna mtoto mchanga. Ali anamsihi dada yake asiseme. Zahra anasoma zamu ya asubuhi na Ali zamu ya mchana, basi wanakubaliana: Zahra atavaa raba za kaka yake asubuhi, kisha atakimbia nazo hadi kichochoroni ambako Ali atakuwa anamsubiri kwa ndara, wabadilishane, naye akimbie shuleni. Mzazi ambaye wanawe wamesoma katika shule ya zamu mbili hahitaji kuelezwa jinsi dakika zile za katikati zilivyo chache.

Hiyo ndiyo habari yote. Hakuna mwizi, maana mzee yule hakujua alichobeba. Hakuna adui wa kushindwa mwishoni. Wapo watu wa kawaida, kila mmoja na shida yake, na wengi wao, wakipata nafasi, hufanya jema dogo. Ukimtajia mtu habari hizi, atakuambia kwamba filamu hii inawafunza watoto subira na kuridhika na kichache. Wengi wameisifu hivyo, na hawakukosea. Ila sisi hatuipendi kwa sababu hiyo. Tunaipenda kwa sababu ndiyo filamu pekee tuijuayo ambayo watoto hutoka wakiwa wamefurahi, na wazazi hutoka wakiwa wameulizwa jambo.

Tuanze na namna watoto hawa wanavyozungumza. Familia inaishi katika chumba kimoja. Jioni ya siku ile viatu vilipopotea, baba na mama wanazungumza habari za kodi na madeni, na watoto wamekaa pale pale sakafuni wakijifanya wanasoma. Hawawezi kunong'onezana, kwa sababu watasikika. Basi wanaandikiana. Zahra anaandika daftarini, analisukuma. Ali anasoma, anajibu, analirudisha. Atakwendaje shule kesho? Avae nini? Kesi nzima inasikilizwa na kuamuliwa hatua mbili tu kutoka walipoketi wazazi, katika maandishi ya kitoto, na wazazi hawana habari. Mwishoni Ali anampa dada yake kalamu ya risasi, kama fidia, kama rushwa, kama ombi la radhi; mtazamaji aite atakavyo.

Katika mazungumzo hayo ya daftarini zimo sababu mbili za kunyamaza, na filamu haizitenganishi. Ya kwanza ni kwamba baba akijua, atawapiga. Ya pili ni kwamba baba hana fedha. Hofu na huruma zimefungwa katika fundo moja, na mtoto mwenyewe hajui ni ipi inayomfunga mdomo zaidi. Sisi tumeitazama mara nyingi na hatujaweza kulifungua fundo lile.

Sasa baba huyo ni mtu gani? Hapa ndipo ufundi wa Majidi ulipotukamata. Ingekuwa rahisi kumfanya mkatili, tumchukie, tumhurumie mtoto, kisha tulale usingizi. Baba huyu si mkatili. Ni kibarua mwenye mshahara mdogo, hodari wa kazi, anayempenda mkewe kiasi cha kumkaripia anapoinuka kufua nguo na mgongo wake haujapona. Msikitini yeye ndiye anayehudumia chai, na katika majlisi ya maombolezo machozi humtoka waziwazi bila haya. Lakini ana hasira za mtu aliyebanwa, na hasira hizo njia yake ya karibu ni kwa mwanawe wa kwanza. Yuko mapema katika filamu akimfokea Ali kwamba yeye si mtoto tena, ana miaka tisa sasa, na kwamba yeye baba alipokuwa na umri huo alikuwa akiwasaidia wazazi wake. Ni baba wangapi kati yetu hawajawahi kuyatamka maneno hayo, au ya mfano wake? Mtoto hajibu. Anatazama chini. Mtazamaji anajua kwamba mtoto huyo, wakati anaambiwa hasaidii, ameshaubeba mzigo ambao baba hajui kuwa upo.

Na ni baba huyo huyo wa tukio la sukari. Iran sukari ya chai huliwa kwa vipande. Mtu hukiweka kipande mdomoni akanywea chai yake. Baba ameketi nyumbani akivunja mabonge makubwa ya sukari kuwa vipande vidogo kwa ajili ya shughuli ya msikitini, kilima cheupe kimejaa mbele yake juu ya kitambaa. Zahra anamletea chai. Baba anaionja, anamwomba amletee sukari. Mtoto anashangaa: si hii hapa, yote hii? Baba anamjibu, bila kupandisha sauti, kwamba hii ni ya msikiti, wameaminiwa nayo tu. Zahra anakwenda kuleta sukari ya nyumbani. Tukio halizidi dakika mbili, na hakuna muziki wa kutuambia kuwa tuguswe.

Tumewasikia watu wakilitaja tukio hili kuwa ni somo zuri la amana, na sisi pia tunaliona hivyo. Lakini litazame kwa jicho la pili. Mbele ya baba yuko binti asiye na viatu vyake, mwenye siri kifuani. Baba ana jicho kali la kuona kipande cha sukari kisicho chake, ila miguu ya mwanawe hajaiona. Hatusemi ni mnafiki, hasha. Uaminifu wake ni wa kweli, na watoto wameurithi, kama tutakavyoona. Tunasema mtu anaweza kuwa mwaminifu wa amana ya sukari, na wakati huo huo amana nyingine ikawa inapita mlangoni pake asubuhi na mchana, mbio, bila yeye kuinua macho. Majidi halisemi jambo hili mahali popote. Ameweka sukari, ameweka mtoto, ameondoka.

Tukio lingine ndilo ambalo, tukilazimishwa kuchagua moja tu, tungelichagua. Siku moja, shuleni, Zahra anaviona viatu vyake. Vimevaliwa na msichana mwingine aitwaye Roya. Anamfuata kwa siri hadi anapojua nyumba yao, kisha anarudi kumchukua Ali. Wanakwenda wote wawili kudai haki yao. Na haki ni yao kweli. Hakuna hakimu ambaye angewanyima. Wanajibanza pembeni wakitazama mlango. Mlango unafunguka, anatoka Roya akimwongoza baba yake, na baba huyo haoni. Hao wawili wanaondoka na bidhaa zao chache kwenda kutafuta riziki. Ali na Zahra wanatazamana. Hakuna anayesema neno. Wanageuka na kurudi kwao.

Tumejaribu kumkumbuka mwongozaji mwingine ambaye angelinyamazia tukio kama hili kiasi kile. Wengi wangemfanya Ali aseme sentensi moja kuhusu kuwahurumia wasiojiweza, na sentensi hiyo ingeliua tukio. Hapa mtoto wa maskini amekutana na mtoto wa maskini zaidi, na hesabu imefanyika usoni, kwa kitambo cha kufumba na kufumbua. Wanarudi wakiwa hawana viatu kama walivyokuja. Baadaye Zahra anadondosha kalamu nzuri aliyopewa na Ali, ambaye aliipata kwa mwalimu kwa kufanya vizuri darasani, na Roya ndiye anayeiokota na kumrudishia. Wanakuwa marafiki. Na siku Roya anapokuja na viatu vipya, Zahra anauliza vile vya zamani viko wapi, anaambiwa vimetupwa. Uso wa yule mtoto wakati ule! Vile ambavyo kwake vingekuwa ukombozi, kwa mwenzake vimeshakuwa taka, kama alivyodhani mzee asiyeona tangu siku ya kwanza.

Tusimfanye Zahra malaika, maana filamu haikumfanya hivyo, na ndiyo sababu tunamwamini. Anakasirika. Anaona haya, macho yake shuleni yanatembea chini kwa chini yakihesabu viatu vya wenzake. Siku moja akikimbia kumwahi kaka yake, raba moja inamvuka, inatumbukia katika mfereji wa maji upitao kando ya njia, inachukuliwa na maji naye akiifukuza, hadi inakwama chini ya kifuniko. Analia pale pale barabarani, na watu wazima wanatoka kumsaidia kuitoa. Siku hiyo anamwambia Ali kwamba hazivai tena na atasema kwa baba. Hasemi. Yapo pia ya furaha: jioni moja wanazifua raba zile uani kwa sabuni, wakipuliza mapovu, wanacheka, na kwa dakika ile umaskini umesahauliwa. Na usiku mvua inaponyesha, Zahra ndiye anayeshtuka usingizini na kumwamsha kaka yake: raba ziko nje, zitalowa. Mzazi aliyewahi kuanika sare moja ya shule usiku ili ivaliwe asubuhi atalielewa tukio hilo bila kusoma maandishi ya tafsiri.

Kuna pingamizi mbili ambazo tumezisikia kwa wazazi wenzetu, na hatupendi kuzipita kimya kimya.

Pingamizi la kwanza ni kwamba filamu hii inaupamba umaskini, inawafanya maskini kuwa watu wema na wazuri wa kutazamwa. Jibu letu lipo katika safari ya Ali na baba yake. Siku ya mapumziko, baba anampakia mwanawe kwenye baiskeli na kuelekea kaskazini mwa jiji, kwenye majumba ya kifahari, kutafuta kibarua cha kutunza bustani. (Neno letu hili, bustani, asili yake ni huko huko Uajemi, lilisafiri likatufikia, na kwetu halikubagua nyumba ya tajiri.) Milango ina kengele zenye vipaza sauti. Baba anabonyeza, sauti inauliza ni nani, naye anababaika; hajui kuzungumza na ukuta. Mtu mzima, mwenye nguvu zote zile, amefedheheka mbele ya kitufe. Mtoto wake ndiye anayesogea na kueleza kwa ufasaha shida yao. Wanafukuzwa huku, wanabwekewa na mbwa kule, mpaka wanapofika nyumba ya babu mmoja anayeishi na mjukuu mpweke, na hapo wanapata kazi na malipo mema. Mtu anayeupamba umaskini hamwonyeshi baba akitetemeka mbele ya kengele huku mwanawe akimtazama. Tunaamini kwamba Ali alimwona baba yake kwa mara ya kwanza mlangoni pale.

Wakirudi, baba ana furaha ya mtu aliyeshika noti. Anaanza kuhesabu kwa sauti vitu watakavyonunua kazi hii ikiendelea. Ali, nyuma ya baiskeli, anatumia nafasi ile: kwanza Zahra anunuliwe viatu, vyake vimechakaa. Hiyo ndiyo mara pekee katika filamu nzima anapoukaribia ukweli, na ona alivyoukaribia kwa ubavu, si kwa uso. Baba anakubali papo hapo: nyote wawili mtanunuliwa. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Muda mfupi baadaye breki zinakatika mteremkoni, baiskeli inagonga, baba anaumia, na fedha zinapata matumizi mengine. Lakini sisi hubaki na lile jibu la haraka la baba. Mzazi yule hakuwa mgumu kama mtoto alivyodhani. Alikuwa tu hajaulizwa saa njema.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na mama mmoja alitueleza kwa ukali: filamu hii inawafunza watoto kuwaficha wazazi wao mambo. Katika zama hizi, alisema, mtoto akizoea kunyamaza, atanyamazia hata lile ambalo lingepaswa kupigiwa kelele nyumba nzima. Hatukubishana naye, maana katika jambo lenyewe ni mkweli. Ali anapochelewa mara ya tatu, mwalimu anayesimamia nidhamu anamfukuza akamlete baba, na mtoto anarudi njia nzima akilia, akiwa na sababu njema kabisa ya kuchelewa na hawezi kuitaja kwa mtu yeyote. Anaokolewa na mwalimu wake wa darasa anayemkuta akiondoka na kumwombea. Mwalimu yule anamwombea kwa sababu ni mwanafunzi mzuri. Hakumuuliza kwa nini amechelewa. Hakuna mtu mzima hata mmoja katika filamu hii, tukumbuke, anayemuuliza mtoto huyu swali moja la upole na kusubiri jibu.

Ndiyo maana tulimshauri mama yule asiwaache watoto waitazame peke yao. Waitazame pamoja, kisha aulize, kama kwa mzaha: wewe ungekuwa Ali, ungetuambia? Na hapo ajiandae, kwa sababu majibu ya watoto hayana adabu za kizungumkuti. Katika nyumba yetu, swali hilo lilipoulizwa, mkubwa alisema angesema, bila shaka. Mdogo alifikiri sana, akauliza: ningesema baba akiwa ametoka kula, au kabla?

Filamu hii ilipata heshima zake. Mwaka ule ule wa 1997 ilitwaa tuzo kuu katika tamasha la filamu la Montreal, Kanada, na baadaye ikawa filamu ya kwanza ya Iran kuingia miongoni mwa tano zilizoshindania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Ilishindwa, usiku ule wa Machi 1999, na filamu ya Kiitaliano ya Roberto Benigni, La vita è bella. Tumewahi kuzitafakari mbili hizo pamoja. Katika ile ya Italia, baba anauficha ukweli wa kutisha ili mwanawe mdogo asiogope. Katika hii ya Iran, watoto wanaficha jambo dogo ili baba yao asiongezewe mzigo. Dunia iliielewa haraka ile ya kwanza, kwani tumezoea kumwona mzazi akiwa ngao ya mtoto. Mtoto kuwa ngao ya mzazi ni jambo tunaloliona kila siku majumbani na hatuna mazoea ya kulitazama.

Tumefika mbioni. Yanatangazwa mashindano ya mbio za masafa marefu kwa wavulana wa shule za jiji, na katika orodha ya zawadi mshindi wa tatu atapata, pamoja na mambo mengine, jozi ya raba. Wa kwanza na wa pili wana zawadi kubwa zaidi. Ali anamwendea mwalimu wa michezo, muda wa kujiandikisha ukiwa umepita, analia na kubembeleza mpaka anapimwa kwa saa, na mwalimu anabaki akiitazama saa yake. Mtoto aliyekuwa akikimbia kila siku ya shule kuwahi darasa alikwishafanya mazoezi kuliko wenzake wote. Anamwahidi Zahra: nitakuwa wa tatu, nizipeleke dukani wanibadilishie za kike. Si wa kwanza, wa tatu.

Hatujapata kuona mbio za namna hii katika filamu yoyote. Mtazamaji anajikuta akimwombea mtoto asishinde! Kamera inamfuata kwa karibu, pumzi zake zinasikika, na kichwani mwake inarudi sauti ya Zahra. Anatangulia, anakumbuka, anapunguza mwendo, anawaacha wawili wapite. Kisha anasukumwa, anaanguka. Anapoinuka, hesabu zote zimevurugika, na kilichobaki ni kukimbia kwa nguvu zote. Anakata utepe akiwa wa kwanza na kuanguka. Mwalimu anamwinua kwa shangwe, naye anauliza kama amekuwa wa tatu. Wa tatu nini? Wewe ndiye bingwa! Anapigwa picha za ushindi kichwa kimeinama na machozi yanamtiririka, na wakubwa waliomzunguka wanacheka wakidhani ni machozi ya furaha. Amir Farrokh Hashemian, mvulana aliyeigiza nafasi ile, analia kama mtoto anavyolia kweli, kwa uso uliokunjamana na bila kujipendekeza kwa kamera.

Anarudi nyumbani. Zahra yuko uani, anamtazama usoni, kisha anatazama mikono yake mitupu, na hahitaji kuuliza. Mama anamwita kwa sababu ya mtoto mchanga, anaondoka. Ali anavua raba, soli zimefumuka. Anavua soksi, nyayo zimejaa malengelenge. Anaitumbukiza miguu katika hodhi la maji lililo katikati ya ua, na samaki wekundu wanakuja polepole kuizunguka. Filamu inakwisha hapo.

Kabla ya hapo, hata hivyo, Majidi ameingiza kipande kifupi mno, ambacho wengi hukikosa wakiwa wanafuta machozi. Ni baiskeli ya baba sokoni, na katika mizigo yake kuna jozi mbili za viatu, moja nyekundu, moja nyeupe. Baba anakuja. Watoto hawajui. Sisi tunajua. Yule mdogo wetu alipoitazama mara ya kwanza alidai tuirudishe nyuma, akidhani tumeruka sehemu ambayo baba anafungua mlango. Tulimwambia haipo. Alikasirika, na hadi leo anaona filamu hiyo haijakwisha.

Sisi tunaona Majidi alifanya vyema kutoipiga picha sehemu hiyo. Angetuonyesha furaha ya watoto, na tungesahau kwamba baba yule atawavisha viatu vipya akidhani amewapa zawadi, wala hatajua kamwe kwamba kwa siku zote zile wanawe walikuwa wakikimbia.

Kwa watakaoitafuta: lugha ni Kiajemi na maandishi ya tafsiri huwa ya Kiingereza, hivyo kwa watoto wadogo afadhali mkubwa mmoja awe anawasimulia. Hatakuwa na kazi kubwa, kwa sababu nusu ya filamu haina maneno. Anzeni tangu mwanzo kabisa, msichelewe hata dakika moja, maana mikono ya fundi viatu inayoshona vile vya rangi ya waridi kabla hata ya hadithi kuanza ndiyo mara pekee mtakapoviona vikiwa karibu kurudi kwa mwenyewe.